Jina Lako Analitaja Wapi?

Wazee wangu mliokaa barazani na redio pembeni, shikamooni. Na wewe ambaye si wa imani yetu ya Kikristo, lakini redio ya jirani imeifikisha sauti yangu mpaka jikoni kwako, karibu. Mazungumzo ya leo ni yako pia, kwa sababu jambo lenyewe linamgusa kila mwenye moyo.

Kama una kazi mkononi, endelea nayo. Anayechambua mchele achambue, anayepiga pasi apige. Naomba sikio tu.

Leo nina ujumbe wa binti mmoja. Jina lake silitaji, mji wake siutaji, kwa sababu ameniomba hivyo. Ana miaka 22, yuko chuoni, anaimba kwaya. Anasema kuna kijana wa kwaya hiyohiyo ambaye kwa mwaka mmoja na nusu amekuwa akimwambia kwamba anampenda. Kijana anasema hapati usingizi kwa ajili yake. Anasema asipomwona siku mbili anaumwa, chakula hakipiti. Basi siku moja walikuwa wamekaa wawili, simu ya kijana haionekani, binti akaipigia ili waisikie inalia wapi. Ilikuwa chini ya mto wa kochi. Binti ndiye aliyeiokota. Na kwenye kioo, wakati simu bado inaita, pameandikwa: Fundi Umeme.

Yeye ndiye Fundi Umeme. Mwaka mmoja na nusu.

Alipouliza, kijana hakubabaika. Alimwambia ni usalama tu, watu wa kanisani wana maneno, na mapenzi yakijulikana mapema huharibika. Sasa binti ananiuliza: "Mama, huu ni upendo au ni tamaa? Maana anaumwa kweli kwa ajili yangu. Nimemwona kwa macho yangu."

Nimekaa na ujumbe huu siku nne nzima. Naomba tuuzungumze pamoja, taratibu, bila kumpigia mtu kelele.

Tuanze na neno lenyewe, tamaa. Sisi Waswahili mgonjwa tunamwambia, usikate tamaa. Aliyeshindwa maisha tunasema amekata tamaa. Maana yake tamaa kwa asili yake si uchafu, ni kamba inayomvuta mtu kuelekea kesho. Ikikatika, mtu halimi, hali, haoi. Halafu neno hilohilo ndilo tunalomtupia mwizi na mzinzi: ana tamaa yule.

Na Biblia yetu ya Kiswahili imelitumia hivyohivyo, pande zote mbili. Katika Mathayo sura ya 5, Bwana Yesu anamwonya mwanamume anayemkodolea macho mwanamke kwa kumtamani. Ukienda Luka sura ya 22, usiku ule wa mwisho, Yesu mwenyewe anawaeleza wanafunzi jinsi alivyotamani kuila Pasaka pamoja nao kabla ya mateso yake. Ni kutamani kulekule. Wala watafsiri hawakukosea, kwa sababu katika Kigiriki pia mzizi wa neno ni mmoja.

Kwa hiyo, wapendwa, anayewaambia vijana kwamba ule mshtuko wa moyo, mtu akipita na wewe ukageuka, ni dhambi, anawabebesha mzigo ambao Mungu hakuwabebesha. Mungu ndiye aliyetupa damu inayochemka. Swali la Yesu linakuja baada ya hapo: umeshamwona, moyo umeshashtuka, sasa unamfanya nini mtu huyu ndani ya jicho lako? Bado ni mtu, ana jina, ana mama aliyemzaa? Au ameshageuka kuwa kitu?

Na tazameni, Yesu pale hakuwaambia wanawake wajifunike zaidi. Alimgeukia mwenye jicho. Alimwambia mwenye jicho ndiye alishughulikie jicho lake. Hilo nalisema kwa sababu nimesikia mahubiri mengi yakimwendea mwenye gauni na kumwacha mwenye jicho.

Sasa twende kwa Amnoni. Habari yake husomwa kwa nadra makanisani, na naelewa kwa nini, ni habari nzito. Lakini nadhani tunawakosea vijana wetu tunapoiruka. Iko katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 13.

Amnoni alikuwa mzaliwa wa kwanza wa mfalme Daudi. Alikuwa na dada wa baba mmoja, mama mbalimbali, jina lake Tamari. Huyu Tamari na Absalomu, mwana mwingine wa Daudi, walikuwa ndugu wa tumbo moja. Biblia inasema Amnoni alimpenda. Ndiyo, neno lililotumika pale ni kupenda. Katika Kiebrania ni neno lilelile lililotumika Yakobo alipompenda Raheli. Na Amnoni akaugua. Unanisikia, binti yangu? Akakonda siku hata siku, mpaka binamu yake Yonadabu akamuuliza, kulikoni mwana wa mfalme unadhoofika hivi?

Basi ugonjwa ulikuwa wa kweli. Narudia: ugonjwa ulikuwa wa kweli. Sidhani kwamba kijana wako anaigiza. Lakini mwenye njaa naye hamwigizii kuku, anamtaka kwa dhati kabisa. Ukali wa hisia unakwambia tu kwamba mtu anahitaji. Haukwambii atamfanyia nini yule anayemhitaji.

Sasa naomba tusikilize kitu kimoja katika habari hii. Tusikilize jinsi Amnoni anavyomtaja huyu msichana.

Mara ya kwanza anaongea na Yonadabu, na anasema anampenda Tamari, ndugu wa Absalomu. Jina lipo, na ukoo upo. Lakini angalia analitaja kwa nani: kwa mtu mmoja tu, tena mjanja, tena faraghani. Yonadabu akampa ujanja: lala, jifanye mgonjwa, mfalme akija kukuona mwombe Tamari aje akupikie mikate. Ikawa hivyo. Tamari akaja kwa nia njema, akakanda unga mbele ya macho yake, akaoka. Amnoni hakula. Akaamuru watu wote watoke. Akamwita chumba cha ndani, akamshika mkono, na sasa anamwita "dada". Jina tamu la nyumbani, linalotakiwa kumlinda, ndilo linalotumika kumvutia ndani.

Tamari alisema. Msiseme alinyamaza, alisema sana. Alimkumbusha kwamba jambo hilo halifanyiki katika Israeli. Akamuuliza, mimi nitaipeleka wapi aibu yangu? Akamwambia hata wewe utakuwa kama mpumbavu. Akamwonyesha na mlango mwingine: zungumza na mfalme. Maana yake, kama unanitaka, nenda ukaseme mbele ya mwenye nyumba, mchana. Hakumsikiliza. Alikuwa na nguvu kuliko yeye, akamlazimisha.

Na palepale, wasikilizaji wangu, palepale, kabla hata jua halijahama, akamchukia. Biblia inapima na kusema chuki ile ilizidi mapenzi ya mwanzo. Akamwambia aondoke. Tamari akamwambia kumfukuza ni ubaya mkubwa kuliko ule wa kwanza. Amnoni akamwita kijana wake wa kazi, akamwamuru amtoe nje na aukomee mlango nyuma yake. Na hapa katika Kiebrania hasemi Tamari, hasemi dada yangu, wala hata mwanamke. Anasema "huyu". Mtoe huyu.

Kutoka Tamari, kuja dada, mpaka huyu. Ndiyo safari ya tamaa, kwa maneno matatu.

Wazee wangu mnisamehe kwa ninachotaka kusema sasa, lakini lazima nikiseme kwa sababu vijana wenu wanakisema kila siku vijiweni. Kijana akishalala na msichana, anawaambia wenzake: nimemla. Wanacheka, wanaendelea na kahawa. Mimi kila nikilisikia neno hilo namkumbuka Amnoni. Ukila chungwa, linabaki ganda, na ganda hakuna anayelipa jina. Mtu huliwa na simba, huliwa na mamba. Mwenye kukupenda hakuli.

Wala tusiwasukumie wanaume peke yao. Yuko mke wa Potifa kule Misri, Mwanzo sura ya 39. Alimtaka Yusufu, akambembeleza siku baada ya siku, akangoja siku ambayo nyumba haina mtu. Yusufu alipokimbia na kuacha vazi lake, mama yule aliita watu wa nyumbani, na hakusema Yusufu. Alisema Mwebrania. Mumewe aliporudi, akamwambia ni yule mtumwa Mwebrania. Jana alikuwa mzuri wa sura, leo hana jina, ana kabila tu. Dada zangu mnaowafuata vijana wadogo kwa sababu mna fedha na wao hawana kodi ya chumba, hili ni lenu pia.

Tumekuwa pamoja kwa muda sasa. Kama ndiyo kwanza umefungua redio, tunazungumzia upendo na tamaa, na jinsi ya kuvitambua mtu akiwa katikati yake. Tumesema usitazame ukali wa hisia. Sikiliza jina lako linavyofanywa.

Mtu ataniuliza, mama, na Yakobo je? Si naye alishikwa na uzuri wa Raheli pale kisimani? Ndiyo, alishikwa. Biblia haifichi kwamba Raheli alikuwa mzuri wa umbo na uso. Na wahubiri wetu hupenda kusema Yakobo alimngojea Raheli miaka 14. Hapana, wapendwa, tusome vizuri Mwanzo sura ya 29. Alitumika miaka 7, ambayo kwake ilikuwa kama siku chache. Labani, mjomba wake na baba yake Raheli, akamdanganya, akampa Lea, dada yake Raheli. Juma la harusi ya Lea lilipokwisha, Raheli akapewa Yakobo. Ndipo akatumika miaka mingine 7.

Mmeona ilivyo? Ile miaka 7 ya pili aliifanya Raheli akiwa tayari nyumbani kwake. Alishampata, na bado aliamka alfajiri kwenda kwenye kondoo wa mjomba kwa ajili yake. Mimi nikifikiria tofauti ya Yakobo na Amnoni, siiweki sana kwenye kungoja. Hata chui hungoja. Naiweka pale baada ya kupata. Amnoni alipata, akachukia kabla ya jioni. Yakobo alipata, akaendelea kufanya kazi miaka 7.

Nyumba ya Yakobo haikuwa bila machozi, na Lea ndiye aliyeyalia. Kuipenda habari ya Raheli kusitufanye tumsahau mwanamke aliyepelekwa gizani kwa mume asiyemtaka, kwa hila ya baba yake mwenyewe. Wazazi mnaopanga ndoa za mabinti kama mnapanga mauzo, msomeni Lea.

Nataka nimtaje mtu mwingine, wa Afrika yetu hii. Mtakatifu Augustino. Wengi mnalijua jina lake kwa sababu ya chuo kikuu kile cha Mwanza. Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, ambao leo uko Algeria. Akiwa bado kijana, huko Karthago, alianza kuishi na mwanamke bila ndoa. Waliishi zaidi ya miaka kumi, wakapata mtoto wa kiume, wakamwita Adeodatus, maana yake aliyetolewa na Mungu. Baadaye Augustino alipopanda cheo kule Milano, Italia, akatafutiwa mchumba wa kufaa. Yule mwanamke akarudishwa Afrika, na mtoto akabaki kwa baba. Aliondoka akiapa hatamjua mwanamume mwingine. Augustino yeye, kwa kuwa mchumba alikuwa bado mdogo na ilibidi angoje miaka miwili, alishindwa kungoja. Akachukua mwanamke mwingine wa kupitisha naye muda.

Haya yote tunayajua kwa sababu Augustino mwenyewe, akiwa tayari askofu, aliyaandika katika kitabu chake cha Maungamo. Hakujitetea. Alisema moyo wake ulichanika yule mama alipoondoka, na akasema pia kwamba alikuwa mtumwa wa tamaa. Vyote viwili, katika kifua kimoja. Ndiyo maana namheshimu, kwa sababu sisi wengi ndivyo tulivyo. Hatuna upendo safi huku na tamaa tupu kule, vimechanganyika kama mchele na mawe, na kazi ya kuchambua ni ya maisha.

Lakini kuna jambo linalonihuzunisha kila nikimsoma. Katika kitabu kile kirefu, Augustino anataja jina la mwanawe. Anamtaja mama yake, Monika. Anawataja marafiki. Jina la mwanamke aliyeishi naye miaka yote ile hakuliandika popote. Wako wanaosema alilificha ili amlinde, na huenda ni kweli. Hata hivyo leo, miaka zaidi ya 1,600 baadaye, dunia nzima inamjua Augustino, na mama wa mtoto wake hatumjui anaitwa nani.

Sasa twendeni Bethlehemu, wakati wa mavuno ya shayiri. Hapa nataka nikae kidogo.

Ruthu ni mjane, mgeni kutoka Moabu, maskini wa kuokota masazo shambani. Boazi ni mtu mkubwa, mwenye shamba. Usiku mmoja, kwa shauri la mkwewe Naomi, Ruthu anajitengeneza, anajipaka mafuta, anakwenda kwenye uwanja wa kupuria nafaka. Boazi amekula, amekunywa, moyo wake umechangamka, amelala mwishoni mwa chungu ya shayiri. Ruthu anakuja polepole, analala miguuni pake. Usiku wa manane Boazi anashtuka. Mwanamke huyu hapa.

Wanaume mnaonisikiliza, jiulizeni kwa haki. Ni usiku, hakuna mtu. Mwanamke amekuja mwenyewe, amenukia vizuri, hana baba wala kaka mjini. Hata kijana wa kukomea mlango hahitajiki, kwa sababu mlango haupo. Amnoni angetoa nini apate usiku kama huo?

Boazi anauliza kwanza: wewe ni nani? Nalipenda sana swali hilo. Anataka jina. Naye anajibu, mimi ni Ruthu. Anamwomba amtandazie vazi lake, yaani amwoe, kwa kuwa ni jamaa wa mumewe marehemu, mwenye haki ya kumkomboa. Boazi anamwita binti yangu, anambariki, anamwambia mji mzima unajua kwamba wewe ni mwanamke mwema. Halafu anamwambia ukweli unaoweza kumkosesha: yuko jamaa wa karibu kuliko mimi, yeye ana haki ya kwanza. Lala mpaka asubuhi. Na asubuhi nitalishughulikia.

Kulipokuwa bado giza, watu hawajatambuana sura, akampimia vipimo sita vya shayiri katika shela yake, asirudi kwa mkwewe mikono mitupu. Akasema isijulikane kwamba mwanamke alikuja uwanjani.

Hapa kijana wa binti yetu anaweza kusimama aseme, unaona, mama, hata Boazi alificha! Ni kweli, alificha. Lakini tumuulize, alikuwa anamlinda nani, na kwa muda gani? Boazi alificha kwa saa chache, kumlinda Ruthu asitukanwe. Jua lilipochomoza alikuwa ameshafika langoni pa mji. Siri ya namna hiyo naielewa. Siri ya mwaka mmoja na nusu, inayomwacha kijana na jina safi huku msichana hana jina kabisa, hiyo inamlinda nani?

Langoni, kama mjuavyo, ndiko wazee walikokaa kuamua mambo. Boazi akaketi. Yule jamaa wa karibu akapita, Boazi akamwita akae. Akawaita wazee 10 wa mji. Akaeleza habari ya shamba la Naomi na habari ya Ruthu. Yule jamaa shamba alilitaka, lakini aliposikia na mjane yumo, akaogopa kuharibu urithi wake, akavua kiatu chake, akajitoa. Na je, mnajua huyo jamaa anaitwa nani? Biblia haisemi. Inamwita "fulani". Aliyeogopa kulibeba jina la mwenzake, lake mwenyewe halikuandikwa.

Ndipo Boazi akasema mbele ya wazee na watu wote waliosimama pale. Alimtaja Ruthu, Mmoabi, mjane wa Mahloni, jina lake, taifa lake, mume wake wa kwanza, hakuficha hata lile ambalo wengine wangeona ni doa. Akasema huyu namchukua awe mke wangu, nanyi ni mashahidi. Jina la Ruthu likasikika langoni mchana kweupe.

Nyinyi mnaosali katika makanisa yanayotangaza ndoa mnajua ninachokumbuka hapa. Jumapili tatu. Katibu anasimama na karatasi: fulani mwana wa fulani, wa mtaa fulani, anatarajia kufunga ndoa na fulani binti fulani, mwenye pingamizi alilete. Hata sheria yetu ya ndoa ya Tanzania, ya mwaka 1971, inataka taarifa ya ndoa itolewe siku 21 kabla. Zamani niliyaona matangazo yale kama urasimu. Siku hizi naona ni lango la Bethlehemu limehamia kwetu. Sheria na kanisa vinamwambia mwanamume: jina ulilolinong'ona kwenye simu usiku, sasa liseme mbele ya watu, na siku 21 zipite, tuone kama bado unalisema.

Mshenga naye ni lango. Barua ya posa ni lango. Wazee wetu kabla ya kuijua Biblia walijua kwamba mwanamume anayetaka mke anatuma watu, na watu wale wanaulizwa: mmemfuata nani katika nyumba hii? Na lazima waseme jina.

Sisemi kila aliyetangazwa kanisani anapendwa. Ningekuwa nawadanganya. Wako waliotangazwa Jumapili tatu, wakafungiwa ndoa na kwaya nne, na leo ndani ya nyumba hakuna anayemwita mwenzake kwa jina. Mume anaingia, hasalimu, anakula kimya, mchana kutwa hana neno na mkewe, usiku taa zikizimwa ndipo anamkumbuka. Baba, hapo pia tamaa imeingia, hata kama cheti cha ndoa kiko ukutani. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho, katika sura ya 7 ya waraka wa kwanza, aliwaambia kwamba mume ana haki juu ya mwili wa mke, na akageuka palepale akasema mke ana haki juu ya mwili wa mume. Kwa watu wengi wa wakati ule lile la pili lilikuwa jambo geni, na katika nyumba nyingi hapa kwetu bado halijafika.

Kuna wengine nimewaweka moyoni tangu nianze kuzungumza. Ninyi mliofungiwa mlango. Mliokuwa Tamari wa mtu, au yule mama wa Karthago, mkabaki na mtoto, au na ugonjwa, au na aibu tu ambayo hamkuitafuta. Tamari alitoka akararua vazi lake la kifalme, akajipaka majivu kichwani, akaenda akilia kwa sauti. Baba yake Daudi alikasirika, na hakufanya lolote. Hilo nalo limeandikwa, ili sisi wazazi na viongozi wa kanisa tujione. Lakini Biblia haikumwita "huyu". Imemwandika Tamari, mpaka leo. Na Absalomu kaka yake alipopata binti, alimpa jina. Alimwita Tamari.

Na mmsome Hajiri, Mwanzo 16. Sarai anasema mjakazi wangu. Abramu anasema mjakazi wako. Wanamtumia, wanagombana juu yake, na katika sura ile hakuna hata mmoja wao anayemwita kwa jina. Anakimbilia jangwani akiwa mjamzito. Pale penye chemchemi malaika wa Bwana anamkuta, na neno la kwanza kinywani mwake ni Hajiri.

Mungu alianza na jina lake. Kama kuna mtu usiku huu anajiona ganda la chungwa, naomba alisikie hilo kabla ya neno jingine lolote.

Muda unanikimbiza. Binti yangu wa kwaya, nirudi kwako.

Umeniuliza, huu ni upendo au ni tamaa? Mimi siko ndani ya moyo wa kijana huyu, na wala sitaki kumhukumu. Huenda anakupenda na anaogopa. Huenda vyote viwili vimo, kama kwa Augustino. Usigombane naye juu ya simu. Usimwambie afute lile jina, maana atalifuta, aandike jingine, nawe utakuwa hujajua kitu. Wala usimjaribu kwa mwili wako, kwa kumpa ili abaki. Tamari alikwisha kutuonyesha mambo yanavyokuwa mlango ukishafungwa.

Fanya hivi. Jumapili ijayo ibada ikiisha, kabla kwaya haijavua majoho, mtafute. Mwombe jambo dogo sana, ambalo halina gharama na halichukui dakika tano. Mwambie, twende nikamsalimie mama yako. Yule mama si huwa anasimama pale chini ya mti, anangoja wenzake? Nenda naye mpaka pale. Piga goti, sema shikamoo. Halafu nyamaza, mwachie yeye. Mama yake atakutazama, atamgeukia mwanawe, na atamuuliza, huyu ni nani?

Sikiliza atakachojibu.